Kukwama au Kushikizwa: Historia ya Rafu za Barafu na Istilahi Zake

Hivi karibuni ililetwa mezani kwangu, ili istilahi zake zikaguliwe, tafsiri ya taarifa ya kitaalamu kuhusu kupanda kwa usawa wa bahari. Mfasiri wake ni mtu makini, na Kiswahili chake hakina ila. Katika ukurasa mmoja alikuwa ameandika kwamba barafu inayoelea mbele ya barafuto moja kubwa ya Antaktika "imekwama" juu ya mwamba ulio chini ya bahari, na kwamba yatazamiwa "kukwamuka" katika miaka si mingi ijayo. Nilimwomba mtumishi mmoja wa serikali, aliyekuwa amefika ofisini kwa shughuli nyingine, aisome aya ile, kisha nikamwuliza ameelewa nini. Alinijibu kwamba ni habari njema: kumbe hata huko mambo yameanza kukwamuka.

Hakukosea yeye. Katika lugha yetu hakuna kinachokwama kwa heri. Gari hukwama topeni, jalada hukwama ofisini, mazungumzo hukwama mezani. Na anayekwamua hushukuriwa. "Kukwamua uchumi" ni usemi wa kila hotuba. Ilhali taarifa ile ilikuwa ikieleza kinyume chake kabisa. Ilisema kwamba pale barafu inapogusa sakafu ya bahari ndipo inapopata nguvu ya kuizuia barafu nyingine iliyo nyuma yake, juu ya nchi kavu, isiporomoke kuingia baharini. Na kwamba siku mguso huo utakapopotea, zuio nalo litapotea. Basi hapa palikuwa na sentensi yenye sarufi safi, iliyofuata matini ya asili neno kwa neno, na ambayo ilimwambia msomaji uwongo.

Niliona haitoshi kulifuta neno lile na kuandika jingine pambizoni. Mwenye kutaka kukipa kitu jina hana budi kukijua kwanza, na kwa kitu hiki njia nzuri ya kukijua ni kufuata historia yake, kwa sababu wataalamu wenyewe walichukua zaidi ya miaka mia moja kukielewa, na mara kadhaa majina waliyoyachagua ndiyo yaliyowachelewesha.

Kwanza kitu chenyewe. Barafu iliyolifunika bara la Antaktika haikutulia. Husukumwa na uzito wake, ikateremka polepole kuelekea pwani, na mahali pengine hukusanyika katika mikondo yenye kasi zaidi ambayo kwa Kiswahili imekwisha kuitwa barafuto. Ifikapo baharini haivunjiki mara moja. Huendelea mbele ikiwa bado imeungana na ile ya nchi kavu, na maji yanapokuwa na kina cha kutosha huinuka kutoka sakafuni na kuelea. Pande hilo linaloelea, lenye unene wa mamia ya mita na upana ambao huweza kuzidi wa nchi nzima, ndilo nitakaloliita humu rafu ya barafu. Mstari ambao barafu inaacha sakafu na kuanza kuelea nitauita mstari wa mgusano.

Kwa nini huelea ni jambo ambalo mwalimu wa sayansi hulieleza kwa bilauri ya maji. Mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa kama kilo 917, na ya maji ya bahari kama kilo 1,028. Kwa hiyo takribani sehemu tisa katika kumi za barafu huwa chini ya maji na moja tu huonekana. Rafu inayosimama mita 30 juu ya bahari huenda ina mita 250 na zaidi zilizofichika. Nahodha wa pwani yetu haitaji kufundishwa maana yake. Anajua kwamba chombo chenye shehena hakipiti juu ya fungu maji yakiwa yamekupwa, na kwamba linaloamua si upana wa bahari anayoiona bali ni kina asichokiona. Kadhalika rafu ya barafu: ikikutana na fungu au mwamba ulioinuka kutoka chini, tumbo lake hugusa, ingawa pembeni mwa mahali hapo bahari ni kuu.

Neno "rafu" halikosi wapinzani, hasa miongoni mwa vijana ambao kwao rafu ni ile ya uwanja wa mpira. Hiyo ni homonimu tu. Rafu yetu ya vitabu na vyombo ilitoka Kiarabu muda mrefu kabla ya mpira wa miguu kufika, na inafaa kwa sababu rafu hushikwa na ukuta upande mmoja na upande wa pili iko wazi, kama barafu hii ilivyo. Hata "barafu" na "theluji" zina safari yake. La kwanza limetoka Kiajemi, ambako maana yake ni ile inayodondoka kutoka mawinguni, na la pili limetoka Kiarabu. Sisi tulizipanga maana kwa mahitaji yetu, na mpango huo umesimama. Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro mwaka 1848, kiongozi wake wa njia alimwambia tu kwamba ile ni baridi. Wako waliomcheka kiongozi yule. Mimi naona alifanya kile ambacho binadamu yeyote hufanya mbele ya kitu asicho na jina lake: alikiita kwa kile kilichompata yeye mwenyewe kutokana nacho.

Ndivyo alivyofanya Sir James Clark Ross miaka saba kabla yake. Tarehe 28 Januari 1841, akiwa na merikebu mbili za jeshi la majini la Uingereza, Erebus na Terror, aliona mbele yake ukuta mweupe uliosimama wima juu ya maji, ukienda upande wa mashariki hata upeo wa macho. Ross alikuwa akitafuta njia ya kusini kuelekea ncha ya sumaku ya dunia. Alisafiri kando ya ukuta ule kwa mamia ya maili bila kupata mlango, akauita Kizuizi. Jina lilikuwa kweli kwake, maana lilimzuia. Lakini lilikuwa jina la mtu aliyesimama sitahani. Halikusema kama kitu kile kilikuwa kimekaa juu ya nchi au juu ya maji, kama kilikwenda au kilitulia. Na kwa kuwa halikusema, vizazi viwili vya wasafiri viliendelea kukitazama kama ukingo wa bara. Leo tunajua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna rafu moja yenye eneo la karibu kilometa za mraba 500,000, yaani zaidi ya nusu ya eneo la Tanzania.

Robert Falcon Scott alipofika mahali hapo mwaka 1902 alikuwa na ramani ya Ross mkononi, na ukingo wa barafu haukuwa pale ramani ilipouweka. Ulikuwa umerudi kusini kwa maili nyingi. Watu wake walipima kina cha bahari karibu na ukuta wakakikuta ni kikubwa. Waligundua pia kwamba barafu yenyewe ilikuwa ikisogea. Scott akahitimisha kwamba sehemu kubwa ya Kizuizi ilikuwa inaelea. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi, na papo hapo likazaa hofu: kama inaelea, basi popote panaweza kumeguka. Ernest Shackleton aliporudi mwaka 1908 alikuta ghuba ndogo aliyoijua imetoweka na nyingine kubwa zaidi imefunguka, yenye nyangumi wengi hata akaiita Ghuba ya Nyangumi. Alikataa kujenga kambi hapo. Nani angelala juu ya barafu ambayo ukingo wake umeanguka miaka michache tu iliyopita?

Aliyekubali kulala hapo ni Mnorwe Roald Amundsen, na habari yake inastahili kuelezwa kwa kituo. Amundsen alisoma vitabu vile vile vya Ross, Scott na Shackleton, lakini alivisoma kama mpelelezi. Aliona kwamba ingawa umbo la ghuba lilibadilika mara kwa mara, katika maelezo ya mwaka 1841 na ya 1908 pindo la barafu lilikuwa limeingia ndani mahali pale pale. Miaka sabini, na ghuba haikuhama. Kitu kinachoelea huru, alijiambia, hakiwezi kukaa na kovu moja mahali pamoja kwa muda huo. Kwa hiyo lazima chini yake pawe na kitu: visiwa vidogo, miamba au mafungu, ambayo barafu imeyakalia. Januari 1911 alipakua mizigo yake kwenye ghuba hiyo, akajenga nyumba aliyoiita Framheim, akakaa majira yote ya baridi, na kutoka hapo akaenda Ncha ya Kusini, akafika tarehe 14 Desemba 1911.

Kwa kadiri nijuavyo, hii ni mara ya kwanza kwa mtu kuweka roho yake na za wenzake rehani kwa hoja kwamba sakafu ya bahari ndiyo inayoamua tabia ya barafu iliyo juu yake. Hoja ilikuwa sahihi, ila mahali alipapata visivyo. Mwaka 1934 msafara wa Mmarekani Richard Byrd uligundua kusini mwa ghuba hiyo mwinuko mpana uliofunikwa na barafu, ukaupa jina la Kisiwa cha Roosevelt. Urefu wake ni kama kilometa 130. Mgongo wake umeinuka zaidi ya mita 500 juu ya bahari, lakini ardhi iliyo chini ya barafu hiyo iko mita 200 hivi chini ya usawa wa maji. Rafu inayotoka kusini ikifika hapo hugawanyika, hupita pande zote mbili, na kaskazini ya mwinuko huacha pengo. Pengo hilo ndilo lililokuwa Ghuba ya Nyangumi. Framheim yenyewe ilikuwa juu ya barafu inayoelea, na mahali ilipokuwa pamekwisha kwenda baharini. Mwaka 1987 kilimeguka kipande kimoja chenye urefu wa kilometa 154, na ghuba nzima ikatoweka nacho. Mwinuko ungali pale.

Wakati huo jina nalo lilikuwa likihama. Kizuizi kilianza kuachwa. Mwaka 1947 bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani iliidhinisha jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "barafu ya rafu ya Ross". Mwaka 1953 ikalibadili kuwa "rafu ya barafu ya Ross". Mtu asiyeishi kwa kazi hii atauliza kulikuwa na haja gani ya kugeuza maneno mawili. Haja ilikuwa kubwa. Jina la kwanza lilitaja namna ya barafu, kana kwamba ni dutu fulani inayopatikana mahali fulani, mfano wa mchanga wa pwani. La pili lilitaja kitu kimoja chenye mwili, mipaka na sehemu za kushikwa. Huwezi kuuliza dutu inashikwa wapi. Kitu unaweza.

Maswali ya aina hiyo yalianza kujibiwa kwa vipimo mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Msafara wa pamoja wa Wanorwe, Waingereza na Waswidi ulikaa Maudheim, katika pwani ya Antaktika inayoelekea Afrika, kuanzia 1949 hadi 1952. Gordon Robin alilipua baruti juu ya barafu na kusikiliza mwangwi wa mtetemo ukirudi kutoka chini, akapata kujua unene wa barafu. Charles Swithinbank alipima mwendo wa rafu. Mwaka 1966 Swithinbank huyo, pamoja na Terence Armstrong na Brian Roberts, walitoa huko Cambridge faharasa ya istilahi za theluji na barafu, yenye picha na visawe vya lugha nyingine. Nakiri kwamba kwa mtu wa kazi yangu vitabu vichache hutia wivu kama hicho: watu waliolala juu ya kitu wamekaa mezani kukipa jina. Humo walitofautisha mambo mawili ambayo sisi pia hatuna budi kuyatofautisha. Mahali ambapo barafu imekalia sakafu na kuvimba juu kama kuba, hata rafu inalazimika kuuzunguka uvimbe huo, nitapaita mwinuko wa barafu. Mahali ambapo rafu inagusa kidogo tu na bado inapita juu, uso wake ukijikunja kama ngozi ya mzee, nitapaita makunyanzi ya barafu.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Makunyanzi ya McDonald, kwa mfano, yako kwenye Rafu ya Brunt. Shackleton aliyaona mwaka 1915 alipopita na merikebu ya Endurance, akadhani ni barafuto, akayapa jina hilo. Kumbe hakuna barafuto hapo. Ni rafu iliyogusa fungu. Eneo la mguso halifiki hata kilometa 6 kwa 4. Mwaka 1956 Waingereza walijenga kwenye rafu hiyo kituo cha Halley, ambacho vipimo vyake ndivyo vilivyoujulisha ulimwengu mwaka 1985 kuhusu tundu la tabaka la ozoni, kwa hiyo mwendo wa rafu hii umepimwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Mwaka 1971 kipande kilimeguka, na rafu ikapoteza mguso wake na makunyanzi. Katika miaka iliyofuata mwendo wake uliongezeka karibu maradufu. Baadaye rafu ilijisogeza mbele hata ikagusa tena, na mwendo ukapungua. Mnamo 2012 ufa uliokuwa umelala kwa zaidi ya miaka thelathini ulianza kufunguka. Mwaka 2016 ukaonekana mwingine upande wa pili, na kituo kizima kikavutwa kilometa 23 kuelekea bara. Januari 2023 ufa wa kwanza ulimaliza safari yake. Siwa barafu ya kilometa za mraba 1,550 ikaondoka, mguso ukapotea, na rafu ikaanza tena kwenda mbio. Kituo hakikuwa juu ya sehemu iliyoondoka.

Kwa nini mahali padogo hivyo pazuie kitu kikubwa hivyo? Johannes Weertman alionyesha mwaka 1957 kwa hesabu kwamba rafu inayoelea bila kushikwa popote hutanuka na kuwa nyembamba kwa uzito wake yenyewe, kama unga mlaini uliomwagwa juu ya meza. Kadiri ilivyo nene ndivyo inavyotanuka haraka. Basi kama rafu za Antaktika zimebaki nene, ni kwa sababu zinashikwa: kingo zake zinasuguana na kuta za ghuba, na tumbo lake linasuguana na sakafu pale inapogusa. Msuguano huo hurudisha nyuma sehemu ya msukumo. Barafuto iliyo juu ya nchi kavu hukuta mbele yake kitu kinachoisukuma irudi. Mwaka 1974 Weertman aliongeza kwamba mstari wa mgusano hauwezi kutulia kwa urahisi ikiwa ardhi inateremka kuelekea ndani ya bara, na katika Antaktika ya Magharibi sehemu kubwa ya ardhi iko hivyo. Miaka ya sabini Robert Thomas alilifanyia kazi hasa swali la miinuko na ghuba kama mashiko. Naye John Mercer aliandika mwaka 1978 kwamba, dunia ikiendelea kupata joto kwa sababu ya hewa ya ukaa, dalili ya kwanza ya hatari itakuwa kuvunjika kwa rafu za Rasi ya Antaktika, zikianza zile za kaskazini na kufuatiwa na za kusini.

Wengi walimwona ni mwenye kutia chumvi. Rafu ya Larsen A ilivunjika Januari 1995. Larsen B, iliyo kusini yake, ilivunjika kati ya Januari na Machi 2002, kilometa za mraba 3,250 katika siku kama 35. Barafu hiyo yenyewe haikupandisha bahari kwa kadiri ya kutajwa, kwa maana ilikuwa tayari inaelea, na barafu inayoyeyuka ndani ya bilauri haifuriki. Kilichotazamwa ni barafuto za nyuma. Zile zilizokuwa zikimwagika katika sehemu iliyovunjika ziliongeza mwendo mara kadhaa katika miaka miwili iliyofuata. Jirani zake, ambazo bado zilikuwa na kipande cha rafu mbele yake, hazikuongeza. Ni nadra kwa maumbile kutufanyia jaribio lenye kulinganishwa wazi namna hii.

Hadi hapa msomaji angeweza kudhani kwamba mguso wa sakafu ni heri tupu, na kwamba ingetosha kubadili "kukwama" kuwa "kuimarishwa". Hapo ndipo ningepotea mimi mwenyewe, lau si Rafu ya Wordie, upande wa magharibi wa Rasi. Rafu hiyo ilikuwa na miinuko kadhaa ndani yake, na kati ya 1966 na 1989 ilipoteza zaidi ya nusu ya eneo lake. C. S. M. Doake na David Vaughan waliposoma picha zake mwaka 1991 waliona kwamba miinuko ile ile iliyokuwa ikiishikilia rafu ilipokuwa imara, iligeuka kuwa kabari ilipodhoofika. Barafu iliyojaa nyufa ilisukumwa dhidi ya mwinuko usiosogea, ikapasuliwa nao.

Kwa hiyo istilahi ya mahali hapo pa mguso yapaswa kubeba pande zote mbili. Nilianza na "nguzo", nikaiacha: nguzo hubeba uzito kutoka chini, na rafu imekwisha kubebwa na maji. Msomaji angedhani nguzo ikiondoka barafu itazama. "Nanga" inapendeza masikioni, lakini nanga hutupwa na nahodha na huenda pamoja na chombo. "Egemeo" limekwisha chukuliwa na fizikia kwa ajili ya wenzo, nasi hatuna ruhusa ya kuwanyang'anya wenzetu. Mwenzangu mmoja alipendekeza "mshiko", tukacheka sote, kwani siku hizi mitaani mshiko ni fedha.

Ninapendekeza kishikizo. Ni neno la zamani, lipo katika kamusi, na maana zake ni kitu kinachoshika kingine kisiende: kiegemezo, pini, na kifungo cha nguo. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyonivutia. Shati jipya likivutwa, kishikizo hulizuia lisifunguke. Shati hilo hilo likichakaa, kitambaa huanza kuchanika wapi? Pale pale penye kishikizo, kwa sababu ndipo nguvu zote zinapokutana. Kishikizo hakikubadilika, kitambaa ndicho kilichobadilika. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuelezwa Rafu ya Wordie kwa shati lake. Vitenzi navyo vinapatikana bila kubuniwa: rafu hushikizwa, na siku ya mwisho huachia kishikizo.

Kwa kazi ambayo rafu huifanyia barafuto iliyo nyuma yake, nina pendekezo ambalo sina uhakika nalo kiasi hicho. Mabaharia wetu, jahazi linapopwelewa ufukoni, huliwekea miti ya kuliegemeza ubavuni ili lisilale; mti huo huitwa gadi, na kitendo ni kutia gadi. Rafu ni gadi la barafuto. Ila wingi wake ni magadi, ambayo kwa walio wengi ni yale ya kupikia, na gadi mwingine yuko kwenye garimoshi. Walimu wa bara wamekwisha kuniambia kwamba wangependa "mwega", ambao hutiwa kwenye ukuta unaoinama. Uamuzi ni wa kamati.

Barafuto iliyotajwa katika tafsiri ile ni Thwaites, katika Antaktika ya Magharibi. Upana wake ni kama kilometa 120, na barafu yake yote ikiingia baharini ingeinua bahari za dunia kwa kama sentimeta 65, Lamu na Unguja zikiwamo. Jirani yake, barafuto ya Pine Island, imekwisha kutuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Mwaka 2009 chombo kisicho na mtu kilipita chini ya rafu yake kikakuta mgongo wa ardhi ambao rafu haiugusi tena; matope yaliyochotwa hapo, na kuelezwa katika maandishi ya 2017, yanaonyesha kwamba maji yalianza kupenya nyuma ya mgongo huo kufikia 1945, na kufikia 1970 mguso ulikuwa umekwisha. Rafu ya mashariki ya Thwaites bado ina kishikizo chake kwenye mgongo ulio mbele yake baharini, lakini inazidi kuwa nyembamba. Katika maandishi mawili ya mwaka 2022, moja lilikadiria kwamba itaachia katika muda usiozidi miaka kumi, na lingine lilionyesha kwamba barafu iliyo nyuma ya kishikizo imekwisha kuanza kuchanika kwa kukibana.

Nimeirudisha tafsiri kwa mwenyewe, na sentensi yake sasa inasomeka hivi: "Rafu iliyo mbele ya barafuto hiyo imeshikizwa kwenye mgongo wa sakafu ya bahari, na yahofiwa kwamba itaachia kishikizo chake katika miaka si mingi ijayo." Ameikubali, ila ameniuliza kama "yahofiwa" imo katika matini ya asili. Haimo. Nimemjibu kwamba "yatazamiwa" aliyoitumia yeye haikuwamo pia.